Msaada wakuu: kompyuta ya Linux inasuasua kwenye waya, simu kwenye Wi-Fi inakimbia (Nyegezi, Mwanza)

Steshenari Nyegezi
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wakuu. Naombeni msaada, hii ni wiki ya pili silali vizuri.

Nina steshenari Nyegezi, njia ya kwenda Malimbe. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT: kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kufunga vitabu vya utafiti. Kompyuta ninazo mbili. Moja iko kaunta, nyingine ndiyo seva, nimeiweka stoo nyuma ya nyumba pamoja na ruta na swichi (kile kiboksi cha kuunganisha nyaya za mtandao), kwa sababu stoo ina mlango wa chuma na jua la mchana haliingii. Zote ni Debian 12, aina ya Linux. Mafaili ya wateja yanakaa kwenye seva, kaunta inayavuta kwa waya. Waya unatoka stoo, unapita darini, unatoka nje na kulizunguka jiwe kubwa lililo ubavuni mwa nyumba (wa Mwanza mnaelewa, huku huwezi kujenga bila kupatana na jiwe), halafu unaingia kaunta. Kwa kukadiria ni mita 38.

Tatizo lenyewe: faili la utafiti lenye picha nyingi, megabaiti 180 hivi, kulitoa seva hadi kaunta ni dakika nane. Mwanafunzi amesimama ana kikao na msimamizi wake saa hiyo hiyo, nyuma yake kuna foleni, na wengine naona wanavuka barabara kwenda duka la pili. Intaneti nayo hivyo hivyo. Nikipima spidi hapo kaunta napata megabiti 2 au 3. Nikitoa simu mfukoni, Wi-Fi ya ruta ile ile, napata 24.

Nilichofanya mpaka sasa: nimezima na kuwasha ruta mara nyingi. Nimepiga simu kwa watoa huduma, wakapima wakasema laini yao haina shida. Nimesasisha Debian. Fundi aliyenivutia waya amerudi na tesita yake ya taa, zote nane zikawaka kwa mpangilio, moja hadi nane, akasema waya ni mzima, shida ni hiyo Linux yako. Jirani naye anasema weka Windows.

Sitaki kuhama. Seva hii ina mwaka wa tatu haijanilaza njaa, na flashi za wanafunzi zinakuja na virusi vya kila aina, lakini kwangu havipati pa kushika. Lakini kama kweli Linux ndiyo inayonifukuzia wateja, niambieni.

Kijana wa Mabatini
Jumatatu, saa 3:58 usiku

Pole sana mkuu. Mimi kadi ya mtandao ya Realtek ilinisumbua kwenye Linux mpaka nikaweka Windows, ikatulia. Angalia kwanza kama kadi yako ni Realtek. Na huo waya wako ni shaba kweli? Sokoni zimejaa zile za alumini zilizopakwa shaba kwa juu.

Mdau Igoma
Jumatatu, saa 4:15 usiku

Kabla hujafuta chochote, azima laptopu yoyote yenye Windows, chomoa waya wa kaunta uchomeke kwenye hiyo laptopu, pima. Ikisuasua nayo, Linux imesamehewa. Ni dakika tano tu.

Halafu jambo la pili, hakikisha hatuchanganyi megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Mtu anayeona megabaiti 11 kwa sekunde anapata karibu yote ambayo laini ya megabiti 100 inaweza kutoa.

Dada wa Maabara
Jumatatu, saa 4:32 usiku

Kaka, pole. Natunza maabara ya kompyuta ya shule huku Ilemela, kompyuta 30 zote Linux, kwa hiyo haya nimeyaishi. Usibadilishe kitu chochote usiku huu. Kwanza tupime, na tupime kuanzia chini: waya, kisha kadi, kisha swichi, ndipo intaneti. Ulichonipa mpaka sasa kina jambo moja la maana sana, kwamba hata seva hadi kaunta ni taratibu. Hapo intaneti haijaingia kabisa. Kwa hiyo watoa huduma waache wapumzike.

Fungua temino, lile dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta ya kaunta. Jua kwanza jina la kadi yako:

ip -br link

Utaona kitu kama enp3s0 au eno1. Ukilipata, andika hizi tatu moja baada ya nyingine, weka jina lako badala ya enp3s0:

sudo ethtool enp3s0
ip -s -s link show enp3s0
sudo dmesg | grep -iE 'enp3s0|downshift'

Kama ethtool haipo, sudo apt install ethtool. Ya kwanza inatuambia kadi na swichi wamekubaliana spidi gani. Ya pili ni daftari la makosa: paketi (vipande vya data) ngapi zimeingia zikiwa zimeharibika. Ya tatu ni kumbukumbu ya kenelo, yaani kiini cha Linux, huwa inasema mambo ambayo hakuna mtu anayesoma. Tuletee majibu yote kama yalivyo.

Kijana wa Mabatini
Jumatatu, saa 4:40 usiku

Dada, si alazimishe tu spidi? Kuna amri ya ethtool -s unaweka speed 100 duplex full autoneg off. Nimeona mtandaoni wanasema inasaidia.

Dada wa Maabara
Jumatatu, saa 4:51 usiku

Hapana mdogo wangu, hiyo usimpe mtu kabla ya kupima. Ukizima makubaliano ya spidi (hiyo autoneg) upande wa kompyuta, swichi upande wa pili inabaki inasikiliza peke yake. Inaweza kutambua kwamba spidi ni 100, lakini haina njia ya kujua kama mwenzake anaongea na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo inachukua nusu dupleksi. Mmoja anaongea wakati wowote, mwingine anasubiri zamu. Paketi zinagongana, na taa ya linki inawaka kijani kama kawaida. Nimeshakesha na tatizo hilo maabara, na alikuwa ni mtu aliyefuata ushauri kama huo akasahau kuurudisha.

Steshenari Nyegezi
Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Mwangaluka wakuu. Nimefungua duka mapema ili nipime kabla wateja hawajajaa.

Mdau Igoma, nimemwomba mwanafunzi mmoja laptopu yake ya Windows, nimechomeka waya wa kaunta. Megabiti 3. Ile ile. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana jirani alikuwa amesimama hapo.

Dada, haya majibu. ethtool:

Speed: 100Mb/s
Duplex: Full
Auto-negotiation: on
Link detected: yes

Kwenye daftari la makosa, upande wa RX errors (makosa ya kupokea) ni 48211, na safu ya crc ina namba hiyo hiyo. Upande wa TX errors (ya kupeleka) ni 0. Kompyuta niliiwasha jana asubuhi tu.

Na kwenye dmesg kuna mstari huu, umejirudia mara tatu:

Generic FE-GE Realtek PHY r8169-0-300:00: Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!

Kwa hiyo ni Realtek, kama kijana alivyosema. Swichi yangu ni ya gigabiti moja (megabiti 1000), nimehakikisha kwenye boksi.

Dada wa Maabara
Jumanne, saa 2:45 asubuhi

Kaka, umeleta dhahabu. Ona mstari wa mwisho. Kadi yako na swichi walikubaliana kwenda gigabiti moja, wakajaribu, wakashindwa kusikilizana, wakashuka hadi 100. Na kenelo yenyewe inakwambia angalia waya. Realtek haina kosa hapa.

Lakini kushuka hadi 100 peke yake hakuelezi mateso yako. Kwenye 100 iliyo nzima faili la megabaiti 180 linafika kwa sekunde 16 au 17. Wewe unasubiri dakika nane. Jibu liko kwenye zile crc 48211. Kila fremu, yaani kifurushi kinachobeba paketi kwenye waya, ina mwishoni hesabu ndogo ya kujihakiki, ndiyo hiyo crc. Kadi inapopokea inarudia hesabu, ikikuta haifanani inaitupa fremu nzima. Programu ya upande wa pili ikiona paketi hazijafika inadhani barabara ina msongamano, inapunguza mwendo yenyewe. Zikipotea chache tu katika kila mia, mwendo unaporomoka kabisa. Ndiyo maana unaona megabiti 3 kwenye laini ya 100.

Fanya mawili zaidi. Kwanza ping (ujumbe wa majaribio unaokwenda na kurudi) ndogo na kubwa kwenda seva:

ping -c 200 -i 0.2 192.168.1.10
ping -c 200 -i 0.2 -s 1472 192.168.1.10

Weka anwani ya seva yako. Pili weka iperf3 kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye seva andika iperf3 -s, kwenye kaunta andika:

iperf3 -c 192.168.1.10
iperf3 -c 192.168.1.10 -R

Ya kwanza kaunta inapeleka, ya pili yenye -R seva ndiyo inaleta. iperf3 haigusi diski wala intaneti, inapima njia tupu.

Steshenari Nyegezi
Jumanne, saa 7:10 mchana

Wateja walinibana, samahani. Majibu:

Ping ndogo: zimepotea 0 kati ya 200. Ping kubwa: zimepotea 13.
iperf3 ya kawaida: megabiti 93.
iperf3 yenye -R: megabiti 3.1, na hesabu ya Retr mwishoni (paketi zilizotumwa upya) ni kubwa.

Sielewi. Kwenda ni 93, kurudi ni 3? Waya si ni huo huo mmoja?

Fundi Mkolani
Jumanne, saa 7:35 mchana

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana, sasa naingia. Mimi navuta nyaya tangu enzi za koaksi, na hizo namba mbili, 93 na 3, zimeniambia karibu kila kitu.

Waya wako mmoja una nyaya nane ndani, jozi nne. Kwenye megabiti 100 zinatumika jozi mbili tu. Kompyuta inapeleka kwa pini 1 na 2, inapokea kwa pini 3 na 6. Kwa hiyo kwenda ni njia moja, kurudi ni njia nyingine. Ya kwenda ni nzima, ya kurudi ni gonjwa. Na ping ndogo inapita kwa sababu ni fupi, haikai barabarani muda wa kutosha kupata jeraha. Kubwa ndiyo inayoumia.

Sasa mwanangu, nifanyie hili. Shika kichwa cha waya hapo kaunta, kile kijino cha kubonyeza kitazame chini, ncha zenye shaba zitazame mbele mbali nawe. Nisomee rangi kutoka kushoto kwenda kulia. Zote nane, usiruke. Halafu nenda stoo usome kichwa cha upande wa pili.

Steshenari Nyegezi
Jumanne, saa 7:52 mchana

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa tochi ya simu, pande zote mbili ziko sawa kabisa:

nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, kijani, nyeupe yenye mstari wa bluu, bluu, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia.

Naona zimepangwa vizuri, kila rangi na mwenzake.

Fundi Mkolani
Jumanne, saa 8:20 mchana

Marahaba. Ndiyo hapo penyewe, na si wewe wa kwanza wala fundi wako si wa kwanza. Mpangilio huo unapendeza kwa macho, ila ni mpangilio usiotakiwa.

Nieleze taratibu kwa sababu wengi humu wanavuta nyaya. Ukimenya kebo ya Cat5e, hii ya kawaida ya mtandao, unakuta nyaya zimesokotwa mbili mbili kama kamba ya katani. Usokotaji huo ndio kebo yenyewe. Ishara inapita kwenye waya wote wawili wa jozi, mmoja ukipanda mwenzake unashuka. Kelele kutoka nje, iwe ya waya wa umeme darini, ya mota ya friji, au ya jozi nyingine ndani ya kebo hiyo hiyo, inazipiga mbili zote kwa kiasi karibu sawa kwa kuwa zimekumbatiana. Kadi inapopokea inachukua tofauti kati ya waya huu na ule. Kelele iliyoingia kote kote inajifuta, ishara inabaki. Ukizitenganisha, kelele inaingia kwenye mmoja kuliko mwingine na haifutiki tena.

Sasa hesabu pini kwenye kichwa chako. Pini 1 na 2 ni nyeupe-chungwa na chungwa. Hao ni mapacha, wamesokotwa pamoja. Ndiyo maana kwenda ulipata 93. Pini 3 ni nyeupe-kijani. Pini 6 ni bluu. Hao hawajuani! Nyeupe-kijani amesokotana na kijani aliye kwenye pini 4, bluu amesokotana na nyeupe-bluu aliye kwenye pini 5. Njia yako yote ya kupokea, mita 38, imepita kwenye nyaya mbili ambazo hazijakumbatiana hata mahali pamoja, na jirani zao wanapiga kelele zao hapo hapo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne, na mbili kati ya zako zimeparanganyika, ndiyo sababu kadi ilijaribu ikashindwa ikashuka.

Mpangilio unaotakiwa, ule unaoitwa T568B, ni huu, kijino kikiwa chini:

1 nyeupe-chungwa
2 chungwa
3 nyeupe-kijani
4 bluu
5 nyeupe-bluu
6 kijani
7 nyeupe-kahawia
8 kahawia

Ona kijani alivyoruka akaenda 6, na bluu ameingia katikati. Kuruka huko ndiko kunakomfanya mwenye 3 na mwenye 6 wawe jozi moja.

Kuhusu tesita ya taa: haikudanganya, iliulizwa swali dogo. Inapitisha umeme kidogo kwenye waya mmoja mmoja, inauliza tu je, pini 1 ya huku imefika pini 1 ya kule? Imefika. Pini 2? Imefika. Haijui waya gani umesokotana na nani. Vifaa vinavyojua vipo, ila bei yake fundi wa mtaani haiwezi. ethtool na iperf3 ulizonazo bure zimefanya kazi hiyo leo.

Mdau Igoma
Jumanne, saa 8:41 mchana

Mzee wabeja sana. Nimekwenda kutazama waya wangu wa nyumbani sasa hivi. Chungwa, kijani, bluu, kahawia, zimepangana hivyo hivyo. Miaka miwili nalalamikia kifurushi.

Kijana wa Mabatini
Jumanne, saa 8:50 mchana

Na mimi nafuta kauli yangu ya Windows. Ila mkuu kwangua waya na wembe kabla hujanunua vichwa. Kama ndani ni shaba, utaona wekundu mpaka katikati. Kama ni alumini utaona weupe wa fedha. Ya alumini ni nyepesi mkononi, upinzani wake kwa umeme ni mkubwa zaidi, na ukiikunja mara mbili tatu inakatika.

Steshenari Nyegezi
Jumatano, saa 4:05 usiku

Wakuu, nimemaliza. Nieleze nilivyofanya maana huenda mwingine akapita njia hii.

Kwanza nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kukata. Dada aliniambia kwenye ujumbe niibebe kompyuta ya kaunta mpaka stoo niiunganishe na swichi kwa ule waya mfupi wa dukani uliokuja na ruta. Nimeibeba. ethtool ikasema 1000Mb/s papo hapo, iperf3 ikatoa 941 kwenda na 939 kurudi. Kadi nzima, swichi nzima, seva nzima, Linux nzima. Ulibaki waya.

Nimekwangua na wembe, ni shaba mpaka ndani. Ashukuriwe Mungu, maana kuvuta upya kuzunguka lile jiwe ni kazi ya siku nzima na ngazi ya kukodi.

Jioni nikaazima koleo la kukrimpu (kubania vichwa vya waya), nikanunua vichwa sita nikijua nitaharibu. Nimeharibu viwili. Cha kwanza nyaya hazikufika mwisho wa kichwa, cha pili bluu na nyeupe-bluu zilibadilishana nikiwa nasukuma. Mzee aliniasa nisifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na robo, na hapo ndipo penye ugumu: vidole vinataka kufungua sana ili zinyooke. Nikajifunza kuzinyoosha zikiwa ndefu, nizipange, nizibane kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo nikate zote kwa mkupuo mmoja zibaki fupi. Ganda la nje lazima liingie ndani ya kichwa, libanwe na kile kilango cha nyuma, la sivyo siku mtu akivuta waya kwa mguu vinabeba mzigo vile vijiwaya vyenyewe.

Matokeo, waya ule ule, mita zile zile:

Speed: 1000Mb/s
iperf3: 940 kwenda, 936 kurudi
RX errors: 0, baada ya kuvusha gigabaiti 20 kwa makusudi
Ping kubwa 200: zimepotea 0

Faili la megabaiti 180 ni sekunde mbili au tatu. Binti mmoja aliyekuja kuchapa aliniuliza kama nimenunua kompyuta mpya.

Limebaki dogo. Intaneti ikishafunguka inakimbia, napata 24 kama simu. Lakini kila tovuti mpya inasita kwanza, nahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo inafunguka. Ni waya bado?

Dada wa Maabara
Jumatano, saa 4:20 usiku

Hongera kaka! Hapana, huo si waya. Sekunde tano zikiwa tano kila mara ni majina, si spidi. Huo ndio muda ambao Linux inaisubiri seva ya kwanza ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, kabla ya kukata tamaa na kuiuliza ya pili. Andika:

cat /etc/resolv.conf

Mstari wa kwanza wa nameserver una anwani gani?

Steshenari Nyegezi
Jumatano, saa 4:26 usiku

192.168.0.1, halafu wa pili 192.168.1.1. Aah, nimekumbuka. Hiyo ya kwanza ni anwani ya ruta ya zamani, niliiweka kwa mkono mwaka jana.

Dada wa Maabara
Jumatano, saa 4:31 usiku

Basi kila unapofungua tovuti unamwuliza kwanza ruta ambaye hayupo. Ifute:

nmcli connection show
sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.dns ""
sudo nmcli connection up "Wired connection 1"

Jina la muunganisho lichukue kwenye ile amri ya kwanza.

Steshenari Nyegezi
Jumatano, saa 4:38 usiku

Imefunguka kabla sijaanza kuhesabu. Dada, mzee, Mdau Igoma, kijana wa Mabatini, Mungu awabariki. Mzee, nimemweleza fundi wangu kwa heshima, hakukasirika. Ameomba nimtumie ule mpangilio, na ameniambia kuna maduka mengine mawili ya Nyegezi alikovuta hivyo hivyo, atarudi kuyarekebisha wikiendi hii.

Nansio Visiwani
Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Salaam kutoka Ukerewe. Uzi huu umenigusa. Nimevuta waya kutoka ofisini kwangu mpaka nyumba ya kaka, hatua nilizopima ni kama mita 140, umepita juu kwenye miembe. Rangi zangu ni za mzee kabisa, T568B. Lakini ethtool inasema 10Mb/s, siku nyingine linki inakatika kabisa. Na mvua za mwaka jana zilinichomea swichi.

Fundi Mkolani
Alhamisi, saa 1:50 asubuhi

Kwako rangi haina kosa, ni umbali. Kebo ya shaba ya aina hii mwisho wake ni mita 100, vipande vya mwanzo na mwisho vikiwemo. Ishara inafika imechoka, ndiyo maana kadi inateremka hadi 10.

Ungeweza kuweka swichi katikati, lakini sikushauri, na sababu ni hiyo swichi iliyoungua. Radi za ukanda wa ziwa unazijua kuliko mimi, usiku zinavyopiga huko majini. Waya wa shaba uliotandazwa juu ya miti kati ya nyumba mbili ni mkono ulionyooshewa radi. Si lazima ipige waya wenyewe, ikipiga jirani inatosha kuingiza umeme unaochoma pande zote mbili. Weka faiba (kebo ya kioo inayopitisha mwanga) kati ya nyumba, na kifaa kidogo cha kugeuza mwanga kuwa ishara ya waya kila upande. Kioo hakipitishi umeme wa radi, na mita 140 kwa faiba ni jirani sana. Ukinunua, uliza isiyo na waya wa chuma ndani wa kuishikilia, maana ziko zenye chuma.

Mpaka utakapoipata, mawingu yakianza kufunga chomoa waya huo pande zote mbili. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa.

Nansio Visiwani
Alhamisi, saa 2:05 asubuhi

Nimeelewa mzee. Jumamosi navuka na meli kuja Mwanza, nitaulizia faiba ya mita 150. Leo jioni nachomoa, maana upande wa ziwa tayari kumeanza kuwa kweusi.